UZI WA UTABIRI: Ligi Kuu Tanzania Bara 2025/26, weka msimamo wako kabla pazia halijafunguliwa

#1 Mzee wa Msimamo

Wakuu, mashindano ya CHAN yamepita, Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu, ni Septemba 16, 2025 na ligi inaanza kesho yake. Safari hii tuweke utabiri wenye namba. Ukiandika "Yanga bingwa" ukaishia hapo hujatusaidia, maana wamechukua misimu minne mfululizo na hata asiyefuatilia mpira angeandika hivyo hivyo.

Komenti moja, mambo matano. Bingwa na pointi atakazomaliza nazo. Nafasi ya pili, ya tatu na ya nne. Timu mbili za mtoano wa kubaki (ya 13 na ya 14). Timu mbili zitakazoshuka moja kwa moja (ya 15 na ya 16). Mfungaji bora na mabao yake.

Bingwa ukimpata ni alama 10. Nafasi ya 2 hadi ya 4, kila moja alama 5 ikikaa mahali pake, na alama 2 kama timu imeingia hapo katikati lakini si nafasi uliyoitaja. Aliyeshuka 6 kila mmoja, wa mtoano 4 kila mmoja, mfungaji bora 8. Ukipata yote ni 53. Wakifungana watu, anapita aliyekaribia zaidi pointi za bingwa. Wakifungana tena, tunaangalia mabao ya mfungaji. Mwisho ni filimbi ya mechi ya kwanza Septemba 17. Komenti itakayohaririwa baada ya hapo siihesabu.

Pa kuanzia: timu 16, mechi 30, pointi 90 mezani. Msimu uliopita Yanga 82, Simba 78, Azam 63, Singida Black Stars 57. Wameshuka Kagera Sugar na KenGold, wamepanda Mtibwa Sugar na Mbeya City.

Ombi langu moja: kabla hujaangalia usajili, angalia pointi zilidondokea wapi.

#2 Msimbazi Damu

Nianze na hilo la mwisho, mzee. Simba ilidondosha pointi 12 tu. Sare tatu: 2-2 na Coastal Union, 1-1 na Fountain Gate kule Babati, 2-2 na Azam. Vipigo viwili, vyote kwa Yanga, 1-0 Oktoba 2024 na 2-0 Juni 25, 2025. Hakuna timu nyingine iliyomfunga Simba msimu mzima.

Sasa fanya hesabu. Zile Kariakoo dabi mbili, yaani Simba na Yanga, zingeisha sare, Simba anamaliza na 80 na Yanga anamaliza na 78. Kombe linakwenda Msimbazi bila kubadilisha matokeo ya mechi nyingine hata moja. Kwa hiyo ligi hii inaamuliwa na dabi, na mwalimu Fadlu Davids anaingia msimu wa pili na timu aliyoifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wenzetu wa Yanga wamepitia makocha Gamondi, Ramovic, Hamdi na sasa Romain Folz, tangu Novemba 2024 mpaka leo.

Bingwa Simba, pointi 79. Nyingine nazileta jioni.

#3 Jangwani Asilia

Ndugu yangu wa #2, hesabu yako ni sahihi kwa msimu mmoja. Rudi nyuma mmoja tu, 2023/24. Yanga 80, Simba 69. Yanga alishinda dabi zote mbili, 5-1 na 2-1. Zigeuze zote kuwa sare: Yanga 76, Simba 71. Bado Yanga bingwa, na nafasi imebaki. Msimu ule Simba alikuwa na sare sita na kipigo cha Tanzania Prisons pale Jamhuri Morogoro. Sare sita ni pointi 12, zaidi ya zile sita alizoacha kwenye dabi.

Dabi inaamua pale tu timu zote mbili zinapokuwa hazidondoshi kwingine.

#4 Hesabu za Mpira

Wote wawili mko sawa na mnakosa kitu kimoja, ambacho ni lini. Yanga msimu uliopita alidondosha pointi 8. Sita kati ya hizo ziliondoka ndani ya wiki moja: Novemba 2 kwa Azam 1-0, akicheza pungufu baada ya kadi nyekundu ya mapema, na Novemba 7 kwa Tabora United 3-1. Mbili zilizobaki ni ile 0-0 na JKT Tanzania kule Mbweni mwezi Februari. Basi. Timu hii hairushi pointi kidogo kidogo mwaka mzima, inaporomoka mara moja kisha inafunga mlango.

Ukijua hivyo, swali la msimu huu si kwamba Yanga ana nguvu kiasi gani. Ni lini ataporomoka, na wapinzani wake watakuwa kwenye hali gani wiki hiyo. Kikosi kina wageni wengi kwa mpigo na mwalimu mpya, kwa hiyo naona ni mapema, Oktoba hadi Novemba, katikati ya safari za CAF, mashindano ya klabu za Afrika.

Na kuhusu Ngao ya Jamii, msiipuuze wala msiiabudu. Yanga alishinda 2021, 2022 na 2024 na kila mara akamaliza bingwa. Mwaka 2023 Simba aliichukua kwa penalti pale Mkwakwani, na ligi ilipokwisha alikuwa nyuma ya Yanga kwa pointi 11. Mechi moja ya Septemba haioneshi upana wa kikosi, na upana ndio unaokula msimu wa Bongo.

#5 Ratiba na Viporo

Naomba nilete jambo la ratiba, watu wengi hulisoma vibaya.

Timu zetu nne ziko Afrika: Yanga na Simba Ligi ya Mabingwa, Azam na Singida Black Stars Shirikisho. Hatua ya awali ni Septemba 19–21 na 26–28. Raundi ya pili Oktoba 17–19 na 24–26. Makundi yanaanza Novemba 21. Kisha AFCON kuanzia Desemba 21 mpaka Januari 18, na Stars ipo kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Maana yake ni viporo vingi (mechi zilizoahirishwa), na msimamo wa mwezi Novemba utakuwa umepinda kabisa.

Dawa ni kuacha kuangalia pointi zilizopatikana. Hesabu zilizodondoka. Timu yenye 30 kwa mechi 12 imedondosha 6. Yenye 33 kwa mechi 14 imedondosha 9. Ya pili iko juu kwenye msimamo lakini iko nyuma kwenye mbio. Tahadhari moja: kiporo si pointi tatu za bure. Mara nyingi kinachezwa katikati ya wiki, ugenini, timu imetoka kwenye ndege juzi.

Jinsi ya kukadiria pointi za bingwa: chukua wapinzani 15. Mtani (Simba kwa Yanga, Yanga kwa Simba) ni mechi 2, mpe wastani wa pointi 3 kwa zote mbili. Azam na Singida ni mechi 4, mpe 8. Zimebaki mechi 24 kwa timu 12, kamili ni 72. Sasa pitia ratiba kwa kalamu na kata pointi moja kwa kila mechi ya ugenini inayoangukia ndani ya siku nne baada ya safari ya CAF. Nikikata tano zinabaki 67. Jumla 3 + 8 + 67 ni 78. Anayeandika 86 aseme atazipata wapi hizo nane za ziada.

Na kila ratiba ikipanguliwa, rudia zoezi. Hapa ndipo tabiri nyingi huharibika: mtu anahesabu kwa ratiba ya Septemba, mechi tatu zinahamishiwa Aprili, na Aprili viwanja vya pwani vimelowa.

#6 Nyanda za Juu

Asante #5 kwa kutaja maji. Naongezea Mbeya, maana mwaka huu kuna timu mbili huko, Prisons na Mbeya City, na zote zinatumia uwanja wa Sokoine. Kila moja ina mechi 15 nyumbani. Hiyo ni mechi 30 za ligi juu ya nyasi zile zile, na mvua za Mbeya zinanyesha Novemba hadi Aprili mfululizo, si kama za Dar zinazopumzika katikati. Ifikapo Februari, katikati ya uwanja na mbele ya magoli yote mawili kunakuwa tope.

Timu inayojenga kwa pasi fupi kutoka kwa kipa inapata taabu pale. Pasi ya mita kumi inasimama njiani, kiungo anarudi kuifuata, mpinzani anafika naye. Halafu kuna mwinuko, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mpira mrefu unasafiri haraka kuliko kipa wa pwani alivyozoea, na mabeki wa pembeni wanaopanda na kushuka wanakata pumzi dakika ya 60. Timu ikifika siku moja kabla ya mechi, mwili haujazoea. Anayekwenda Mbeya kushinda anapeleka warefu wawili, mpigaji mzuri wa kona na faulo, na anaweka badiliko mbili za pembeni akiba kwa nusu saa ya mwisho.

Kwa hiyo mkipata ratiba angalieni tarehe. Simba au Yanga akienda Sokoine Septemba au Oktoba, mpe tatu. Akienda Februari au Machi, mpe mbili.

Na msisahau historia ya Mbarali, nyumbani kwa Ihefu. Yanga alifika mechi 49 bila kufungwa, akasimamishwa na Ihefu 2-1 Novemba 29, 2022. Oktoba 2023 akarudi pale pale, akafungwa tena 2-1. Ihefu ile ndiyo Singida Black Stars ya leo.

#7 Mwana Temeke

Hapo kwenye viwanja ongeza Lake Tanganyika, uwanja wa Mashujaa kule Kigoma. Safari ndiyo inachosha kuliko mpira wenyewe.

#8 Wa Mkiani

Mnazungumzia juu tu. Kwenye uzi huu alama nyingi ziko chini: kushuka 12, mtoano 8, jumla 20 kati ya 53. Huko ndiko mtu atakakowazidi wenzake.

Kwanza mfumo, maana kuna wanaoukosea kila mwaka. Ya 15 na ya 16 zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinacheza nyumbani na ugenini. Mshindi amebaki. Aliyeshindwa hajashuka bado, anakutana na timu iliyotoka kwenye mtoano wa Championship, ligi ya chini yake. Hivyo timu ya 14 inaweza kubaki, na ya 13 inaweza kushuka.

Pili, msiwashushe waliopanda kwa mazoea. JKT Tanzania, Mashujaa na Tabora United (wakati huo Kitayosce) walipanda pamoja 2023 na wote watatu bado wapo. Mwaka jana walipanda wawili: Pamba Jiji amebaki, KenGold ameshuka palepale. Kinachotofautisha ni mambo matatu. Je, timu imebaki na uti wa mgongo wa kikosi kilichopanda, yaani kipa, beki wa kati, kiungo mkabaji? Je, inacheza nyumbani kwake au imehamishwa uwanja? Je, vibali na usajili vimekamilika kabla ya mechi ya kwanza?

Hilo la tatu si dogo. Agosti 2023 Kitayosce ilifika Chamazi kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wachache kwa sababu za usajili. Wakapungua chini ya saba, mwamuzi akamaliza mechi kipindi cha kwanza ikiwa 4-0. Kwa hiyo wiki hii ya mwisho usihangaike na video za mazoezi. Fuatilia nani ana wachezaji walioidhinishwa. Mshambuliaji mzuri ambaye hati yake ya uhamisho haijafika ni mtazamaji.

Mtibwa namwona anabaki. Ni klabu iliyochukua ubingwa 1999 na 2000, na Manungu ni nyumbani kweli kweli. Mbeya City ndiye nina wasiwasi naye, kwa sababu ya Sokoine hiyo hiyo: tope linaumiza wageni, na linamuumiza pia mwenyeji anayehitaji kushinda.

#9 Namba Tisa

Mfungaji bora. Hapa watu hutupa alama 8 kwa kuandika jina la straika aliyesajiliwa kwa kelele. Orodha ni hii: 2017/18 Okwi 20, 2018/19 Kagere 23, 2019/20 Kagere 22, 2020/21 Bocco 16, 2021/22 Mpole wa Geita Gold 17, 2022/23 Mayele na Saido 17 kila mmoja, 2023/24 Aziz Ki 21, 2024/25 Ahoua 16.

Kumbukeni Kagere alikuwa na mechi 38 mkononi, ligi ikiwa ya timu 20. Mabao 23 kwa 38 ni wastani wa 0.61. Aziz Ki 21 kwa 30 ni 0.70. Msimu wa Aziz Ki ndio mkubwa zaidi katika orodha hiyo, ingawa namba yake ni ndogo kuliko za Kagere. Ahoua 16 kwa 30 ni 0.53.

Angalieni pia washindi wa misimu miwili ya mwisho ni viungo wanaopiga penalti na faulo, si namba tisa. Yanga na Simba wanazungusha washambuliaji. Mwenye kucheza Jumatano haanzi Jumapili, mabao yanagawanyika. Msimu uliopita Mzize alimaliza na 14, na Sowah aliyetua Singida dirisha dogo (usajili wa katikati ya msimu) akafika 13 ndani ya nusu msimu. Kiungo mpiga penalti hatolewi. Kwa hiyo swali la kwanza unalojiuliza ni nani anapiga penalti, la pili ni nani anaanza mechi zaidi ya 25.

Sowah sasa yuko Simba. Kwa wastani ule wa Singida angeongoza, lakini pale atagawana dakika na penalti ni za Ahoua. Ninamweka Feisal Salum wa Azam. Alifunga 19 mwaka ule wa Aziz Ki, amebaki Chamazi, anapiga mipira iliyokufa na hana wa kumnyang'anya nafasi. Feisal, mabao 17.

#10 Chamazi Kwetu

Umenitangulia kaka. Azam ina Florent Ibenge, mwalimu anayejua kufunga mechi ikiwa 1-0. Tatizo la Azam kwa miaka mingi halikuwa mechi kubwa. Imemfunga Yanga misimu miwili mfululizo, 2-1 Machi 2024 na 1-0 Novemba 2024. Tatizo ni mechi za Jumatano na timu ya nafasi ya 11 inayopaki basi. Hapo inatoka sare, na sare mbili ni hasara ya pointi nne. Mwaka ilipochukua ubingwa, 2013/14, haikufungwa hata mechi moja.

Vilevile kumbukeni 2023/24 Azam na Simba walilingana pointi 69, na tofauti ya mabao ndiyo iliyompeleka Azam Ligi ya Mabingwa na Simba Shirikisho. Bao la nne dhidi ya timu ya mkiani lina thamani yake mwezi Mei. Timu zinazoongoza 2-0 dakika ya 70 na kuanza kupasiana nyuma zinajinyima wenyewe.

Singida nao wasidharauliwe: Gamondi benchi, Chama na Aucho katikati. Majina makubwa, ila umri wao na Shirikisho vinanipa shaka kuanzia mzunguko wa pili.

Utabiri wangu: bingwa Yanga 77, Simba, Azam, Singida. Mtoano Fountain Gate na KMC. Kushuka Mbeya City na Dodoma Jiji. Feisal 16.

#11 Jangwani Asilia

Nami naweka. Yanga 80. Simba wa pili, Singida wa tatu, Azam wa nne. Mtoano Namungo na Mbeya City. Kushuka KMC na Fountain Gate. Mfungaji Pacome Zouzoua, 16.

Sababu ya Yanga: Mohamed Hussein "Tshabalala" amehama kutoka Simba kuja kwetu. Ni beki wa kushoto mmoja, lakini hesabu inakwenda pande mbili. Sisi tumepata krosi na uongozi, wao wanajenga upya upande mzima, na beki wao wa kati Che Malone naye ameondoka. Safu ya ulinzi inayoanza upya hujifunza kwa kuruhusu mabao Septemba na Oktoba.

#12 Msimbazi Damu

Nimeahidi jioni, nimekuja. Simba 79, Yanga, Azam, Singida. Mtoano Prisons na KMC. Kushuka Fountain Gate na Mbeya City. Mfungaji Ahoua 17, kwa hoja ile ile ya penalti.

Kuhusu beki: kweli tumepoteza wawili, lakini ameingia Rushine De Reuck kutoka Mamelodi Sundowns na Yakoub Suleiman golini kutoka JKT. Nakubali itachukua mechi kadhaa. Ndiyo maana nimeandika 79 na si 84.

#13 Kijana wa Mbagala

Simba bingwa, Yanga wa pili.

#14 Mzee wa Msimamo

#13, karibu sana, ila hujaweka pointi, wa mkiani wala mfungaji. Una mpaka filimbi ya Septemba 17 kukamilisha kwa komenti mpya. Ile ya kwanza iache ilivyo.

Nimeulizwa faraghani maswali mawili. Timu ikibadilisha jina katikati ya msimu, alama zinafuata timu. Ligi ikiisha na wafungaji bora wawili kama Mayele na Saido, ukimtaja yeyote kati yao unapata 8 kamili.

#15 Hesabu za Mpira

Langu hili hapa. Yanga 78, kwa njia ya #5. Simba, Azam, Singida. Mtoano Prisons na Fountain Gate, wale wale wa msimu uliopita, kwa sababu sijaona safu ya ushambuliaji iliyobadilika kwa lolote kati yao. Kushuka Mbeya City na KMC. Mfungaji Feisal, 16.

Yanga anaporomoka kati ya Oktoba 17 na katikati ya Novemba, pointi tano au sita. Simba akiwa amedondosha chini ya pointi nne mpaka hapo na hakuutumia mwanya huo, asitegemee mwanya mwingine mpaka dabi ya pili.

#16 Ratiba na Viporo

#15, nimeweka tarehe hizo kwenye kalenda. Bodi ya Ligi ikitoa mabadiliko ya kwanza ya ratiba nitaweka humu jedwali la pointi zilizodondoka kwa timu zote 16, na nitalisahihisha kila Jumatatu. Anayetaka kusaidia kuhakiki viporo aseme hapa, anahitajika mmoja wa Kanda ya Ziwa na mmoja wa Tanga.